Bakuli la Radi Nne

Yusta alipozikwa, Edmund hakulia. Watu walimwona. Kihesa ni mahali ambapo mtu akikohoa kwake asubuhi, mchana anaulizwa kifua kinaendeleaje. Sasa mgane kusimama kaburini kama anangoja lori lipakiwe mbao, unadhani lingepita hivihivi? Wamama wa jumuiya walimtazama kwa pembe ya jicho, wakasubiri, wakachoka. Alishika udongo, akautupa, akapangusa mikono. Jioni alikula wali wa msibani na kumaliza sahani.

Si kwamba hakumpenda mkewe. Nasema mapema msije mkamchukia mzee wa watu bure. Miaka sita ya mwisho alimwogesha, alimlisha, alimgeuza kitandani, baada ya kiharusi kumpiga Yusta upande mmoja na kumnyang'anya maneno yote isipokuwa moja. Neno lenyewe lilikuwa "haya". Akitaka maji, haya. Akikasirika, haya. Mheshimiwa akitoa ahadi redioni, haya, na hapo wote wawili walicheka. Kando ya kitanda palikuwa na bakuli jeusi la kuwekea dawa, lenye ukingo wa mawimbimawimbi na kitambaa cha kufuma kilichoshonewa ndani. Mara nyingi Yusta aligonga ukingo wa bakuli lile kwa kidole, akasema haya, haya, huku amemkazia mumewe macho. Edmund alimpa kidonge. Yusta alikisukuma, akageukia ukutani. Edmund alidhani ni uchungu wa dawa.

Baada ya matanga ndugu walikuja kugawa vitu vya marehemu, kama ilivyo desturi. Vitenge kwa dada zake, koti la baridi kwa wifi, vyombo kwa yeyote mwenye shida navyo. Rozalia, binti yao wa kwanza, mwalimu wa shule ya msingi aliyerudi nyumbani kumwangalia baba yake, alikuwa anamwuliza kila kitu. "Baba, hiki je?" Naye anajibu, "Gaweni tu." Hata hakugeuza shingo. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, na mtu mwenye ganzi hata ukimkata huoni anashtuka.

Kilichomshtua kidogo, kidogo tu, kilikuja siku nyingine kabisa. Alikuwa amekaa barazani anachambua maharage. Akajaribu kumkumbuka Yusta akiongea, akapata haya. Akarudi nyuma, kabla ya ugonjwa, Yusta nesi, Yusta mwenye mdomo, mwanamke aliyeanza kusimulia habari za wodini akiwa bado getini na kuzimalizia jikoni bila kuvuta pumzi. Alimwona vizuri mdomo unavyokwenda. Sauti hakuna. Miaka yote ile ya maneno, na lile neno moja la mwisho lilikuwa limeyafuta yote.

Akamwambia Rozalia. Wakaitafuta video ya harusi ya Rozalia, wakampata Yusta akitoa nasaha kwa bwana harusi, kashika maiki, anaongea, anaongea, na mpiga video yule, Mungu amsamehe, alikuwa amefunika kila kitu kwa kinanda chake cha harusi. Simu ya Yusta ilikuwa ya vitufe. Hakuna mtu aliyewahi kumrekodi.

"Yupo aliyemrekodi," Edmund akasema. Alisema bila furaha, kama mtu anayetaja mahali alikoacha jembe. "Asukile wa Mbeya."

Hapa lazima nirudi nyuma. Mnaomjua Edmund kama dereva mstaafu wa malori ya mbao za Kilolo hamtaamini, lakini mwaka sabini na saba alikuwa mpiga gitaa. Walikuwa vijana wanne wa Kihesa, wakajiita Radi Nne, wakawa wanafanya mazoezi kwenye gereji ya baba wa Aroni, mmoja wao, katikati ya madumu ya oili chafu, pamoja na Landrova iliyokuwa juu ya mawe tangu uhuru. Dansi la kistaarabu hawakuliweza. Tarumbeta hawakuwa nazo. Walichokuwa nacho ni gitaa moja la umeme, besi aliyoichonga Aroni mwenyewe, ngoma, na spika moja ambayo panya waliitoboa, basi gitaa likawa linakoroma kama gari lililotoboka ekzosi. Vijana wakaipenda ile sauti, wakakataa kuitengeneza spika. Redio za Zambia zilikuwa zinaingia usiku, na huko nako magitaa yalikuwa yanakoroma hivyohivyo, kwa hiyo walijiona wako sawa. Majirani hawakuwaona wako sawa hata kidogo.

Asukile alikuwa na duka la redio Mbeya, na ndoto kubwa kuliko duka. Alianzisha kampuni ya santuri, akaiita Loleza kwa jina la mlima uliokuwa nyuma ya nyumba yake, akachora mlima huo kwenye karatasi ya katikati ya santuri. Studio yake ilikuwa chumba cha kulala kilichotundikwa mablanketi ukutani, maiki moja, na mashine ya kanda. Santuri zenyewe zilichapwa Zambia, zikaletwa kwa treni. Kampuni ile ilitoa santuri tatu katika uhai wake wote. Ya tatu ilikuwa ya Radi Nne, na baada ya hapo ikafa.

Siku ya kurekodi, Asukile alisema wimbo wa upande wa pili unataka kiitikio cha kike. Yusta alikuwa Mbeya kwa dada yake. Alikuwa msichana wa kwaya kutoka Tosamaganga, anasomea unesi, na Edmund alikuwa ameanza kumzungukazunguka. Wakamwita. Akaimba vizuri mpaka mwisho, ila yeye alizoea kwaya, na kwaya haikatizi wimbo bila padre kuinua mkono. Bendi ikanyamaza, yeye akaendelea peke yake mstari mzima. Kisha akagutuka, akauliza mbele ya maiki, "Edmund, nimekosea?"

Kanda tupu hazikuwepo nyingine. Mtu wa kuipeleka Zambia alikuwa anapanda treni kesho yake. Asukile akasema itabaki hivyohivyo, watu watadhani ni mtindo.

Watu hawakudhani ni mtindo. Santuri ilipofika gerejini kwa Aroni, kijiji kizima kikajazana, na ilipofika pale pa swali, vicheko vikapasua bati. Edmund mwenyewe aliinua sindano, akaondoka. Tangu siku hiyo hakupita mtaa bila kijana kuibana sauti na kumwuliza, "Edmund, nimekosea?" Sokoni, kisimani, hata mlango wa kanisa. Aliona aibu ya kuchimba shimo. Santuri zake akazigawa zote mpaka ya mwisho, gitaa akaliuza, na ingawa alimwoa Yusta, alimwomba jambo moja: habari ya wimbo ule isitajwe ndani ya nyumba yake. Yusta akakubali. Rozalia alipozaliwa, Yusta akaanza kumwita Baba Rozalia kama mke yeyote anayejua adabu, na jina la Edmund halikutoka tena kinywani mwake mpaka anakufa.

Basi akapanda basi la asubuhi kwenda Mbeya. Kama kule nako hakuna santuri, basi sauti ya Yusta imekwisha duniani. Alilijua hilo, alilisema wazi kwa Rozalia wakati anafunga kamba za viatu. Lakini njia nzima, Mafinga, Makambako, Chimala, alitazama dirishani akiwa hana hofu wala hamu. Walipouza mahindi ya kuchoma alinunua, akala, hayakuwa na ladha.

Asukile alishafariki. Mjane wake, Esnath, alikuwa palepale mtaa wa Block T, mfupi, kanyooka, kajifunga kitenge kifuani juu ya sweta. Alimtazama Edmund getini kwa muda.

"Ugonile, Mama Anyitike," Edmund akasema. Kinyakyusa chake kiliishia hapo.

"Wewe ndiye ulikuwa na gitaa la kukoroma," Esnath akasema. "Ingia. Umezeeka vibaya."

Wakala ndizi na maharage kwanza, kwa sababu kwa Mnyakyusa husemi shida yako ukiwa na tumbo tupu. Edmund akaeleza msiba. Esnath akampa pole, akamshika mkono kwa mikono miwili. Ndipo Edmund akaulizia santuri.

"Santuri," Esnath akasema. Akacheka kidogo, halafu akaacha, kwa sababu aliona uso wa mgeni haukucheka. "Baba Rozalia, santuri nilizipika."

"Ulizipika."

"Zilikaa chini ya kitanda maboksi na maboksi, hakuna mnunuzi. Ikaja ile miaka ya dhiki, unaikumbuka, duka lina kiberiti na chumvi, na chumvi yenyewe siku zingine hakuna. Mtu anaoa, utampa zawadi gani? Nikaweka santuri juu ya kopo la maziwa ya unga, nikalishusha juu ya sufuria ya maji yanayochemka. Inalegea, inaanguka pembeni, unaibana mawimbi kwa vidole. Bakuli. Tulifanya na akina mama wa kanisani. Hapa Mbeya hakuna harusi ya miaka ile ambayo haikupata bakuli langu. Marehemu mume wangu alinuna wiki nzima, halafu akaanza kunisaidia kuzibana."

Edmund akaomba kuona moja. Esnath akasema hana, la mwisho lilipasuka zamani. Akachora hewani kwa mkono namna lilivyokuwa, duara la katikati tambarare, ukingo unapanda na kushuka. Edmund akautazama mkono ule. Ikawa kama mtu amekanyaga ngazi ambayo haipo.

"Jeusi," akasema.

"Jeusi, ndiyo. Hata mkeo alichukua moja. Hakukwambia? Alikuja huku kwenye semina ya manesi. Mimi nikampa lolote, akalikataa. Akapekua boksi mpaka akapata santuri ya wimbo wenu, akaniambia niibane upande wake yeye uwe ndani. Halafu akakaa hapo ulipokaa, akashonea kitambaa kwa uzi, akitumia lile tundu la katikati. Nikamwuliza kwa nini. Akasema mume wangu hataki kuuona wimbo huu, lakini hakusema hataki kuona bakuli."

Edmund alikuwa anaona kidole cha Yusta kinagonga ukingo. Haya, haya. Naye anamenya kidonge kutoka kwenye karatasi yake.

Akatoa simu, akampigia Rozalia, akauliza liko wapi bakuli la dawa la mama yake.

"Lile jeusi?" Rozalia akasita. "Baba, hakuna aliyelitaka. Nililipeleka nje. Nawawekea kuku pumba humo."

"Litoe."

"Sasa hivi?"

"Litoe, mwanangu. Kitambaa usikifumue. Na usilioshe kwa maji ya moto. Hata ya vuguvugu usitie."

Rozalia akataka kujua kuna nini. Edmund akasema atampigia tena usiku amweleze, hakutaka kuyasema mbele ya mjane wa watu. Esnath alikuwa ameshainuka. Alirudi na sanduku la plastiki la rangi ya chungwa lililofungwa kwa kanga. Gramafoni ya marehemu, ile ndogo ya kutumia mawe ya redio. "Sindano ipo," akasema. "Mkanda wake umeoza. Na hilo bakuli, unalifungua vilevile nilivyolifunga. Chovya ukingo tu, zungusha kama gurudumu. Katikati usiguse, katikati haikuwahi kupikwa, ilikuwa juu ya kopo. Ukishaunyosha, weka kitu kizito."

"Nitakurudishia."

"Utarudisha ili mimi nisikilize nini?" Esnath akasema. Akamsindikiza mpaka barabarani.

Edmund alifika Kihesa kesho yake mchana. Bakuli lilikuwa juu ya meza, limepanguswa, kitambaa kimekuwa cha kijani kwa ukungu, na kwa nje limekwaruzwa na changarawe za uani. Rozalia alikuwa ameambiwa habari yote kwenye simu usiku, na macho yake yalionyesha kwamba hakulala. "Ningekuwa nimejua, Baba," akasema. Edmund akamwambia hata yeye hakujua, na aliishi nalo chumba kimoja.

Akafumua uzi kwa wembe, taratibu. Chini ya kitambaa santuri ilikuwa safi, nyeusi ya kung'aa, na katikati mlima wa Loleza uliopauka. Rozalia akachemsha maji. Edmund akachovya ukingo, akazungusha, mawimbi yakalegea moja baada ya jingine, akaiweka katikati ya vigae viwili vya sakafu vilivyobaki wakati wa kujenga choo cha ndani, na juu yake debe la viazi. Wakati inapoa alikata pete kwenye tyubu ya baiskeli, akaivisha gramafoni badala ya mkanda uliooza. Mikono ya dereva haisahau. Alifanya yote hayo kimya, na Rozalia akawa anamtazama usoni akitafuta chochote, asione.

Santuri ilitoka na ukingo uliopindapinda. Mwanzo wa wimbo haungepigika kamwe, sindano ingerushwa. Lakini katikati, karibu na ule mlima, palikuwa tambarare kama siku ilipotoka Zambia. Edmund akatia mawe, santuri ikaanza kuzunguka, inayumba pembeni, akashusha sindano kwa mkono wake kwenye mistari ya mwisho kabisa.

Mvumo. Mkwaruzo. Kisha gitaa, lile gitaa la spika iliyotobolewa na panya, likakoroma ndani ya sebule mpaka Rozalia akarudi hatua nyuma. Ngoma zikapiga mara ya mwisho. Bendi ikanyamaza.

Msichana akaendelea peke yake.

Sauti ilikuwa nyembamba, inapanda na kushuka kidogo kwa sababu ya ile pete ya tyubu, lakini ilikuwa yenyewe. Edmund aliijua kabla haijamaliza neno la kwanza. Ndiyo iliyokuwa inaanzia getini na kuishia jikoni. Aliimba mstari wote, akagutuka.

"Edmund, nimekosea?"

Hapo ndipo watu walipokuwa wanacheka. Hapo ndipo yeye alipoinua sindano siku ile gerejini, na mkono wake sasa ulinyanyuka wenyewe kutaka kuinua tena, akaushika kwa mkono mwingine. Maisha yake yote aliamini kwamba hakumjibu. Aliamini alimtazama kwa jicho baya akageuka, na lilikuwa limemkaa kifuani kama mfupa, ingawa hakuwahi kumwambia mtu. Santuri ikazunguka, ikakwaruza. Kisha, mbali na maiki, taratibu sana, sauti ya kijana ikasema:

"Hapana. Endelea."

Na Yusta akacheka. Kicheko kifupi, cha mtu aliyekuwa ameogopa. Sindano ikafika kwenye mlima, ikabaki inagota palepale.

Alikuwa amemjibu. Yusta alijua kwamba alijibiwa, alijua muda wote, akalishonea jibu hilo kitambaa, akaliweka chumbani, na siku alipokosa maneno aliligonga kwa kidole, mumewe akampa dawa. Edmund akawaza hayo, na ganzi ikaanza kumtoka, na wanaojua ganzi wanajua inavyotoka: kama mguu ulioulalia, hauumi ukiwa umekufa, unauma unapoamka. Kilimuuma kifua, maumivu yakapanda mpaka kwenye meno. Akashika meza.

"Baba," Rozalia akasema. Yeye alikuwa analia tayari, kashikilia birika hajui pa kuliweka. "Baba, nirudishe sindano?"

Edmund alitaka kumwambia arudishe, kisha arudishe tena, na kwamba mama yake alikuwa amemwita kwa jina lake. Alifungua mdomo. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni, na katika maneno yote aliyokuwa nayo, lilitoka moja tu.

"Haya," akasema.